Gobore la Babu: Plau Tunafufua, Bunduki Hatufufui

Msimu huu nilitaka tuendelee na somo la kupunguza mimea ya pamba shambani, lakini kuna jambo limejitokeza nikaona lisisubiri. Pamba itafuata wiki ijayo.

Mzee mmoja wa upande wa Itilima, jina lake naliacha, alinipigia simu saa moja asubuhi. Alikuwa anabomoa nyumba ya nyasi ya marehemu mama yake ili ajenge ya bati. Juu darini, nyuma ya vihenge vidogo vya mbegu, akakuta kitu kimefungwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Kufungua, ni gobore. La babu yake. Pamoja nalo kulikuwa na pembe ya baruti.

Mzee akaniambia hivi: "Afisa, wewe mwaka juzi ulitufundisha kufufua plau za zamani. Ulisema chuma cha zamani ni kigumu kuliko cha leo, tusiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sasa hiki nacho ni chuma cha zamani. Kuna fundi hapa senta anasema atalitengeneza lipige. Tembo wamemaliza mahindi yangu mara mbili. Nifundishe kulisafisha tu, mengine fundi atamaliza."

Nilikaa kimya kidogo. Ni kweli niliwafundisha kufufua plau. Na ni kweli tembo walimmalizia mahindi, mimi mwenyewe nilikwenda kuona lile shamba. Nikamwomba asiliguse, asimwite fundi, anisubiri. Mchana nilikuwa kwake.

Somo la leo ndilo nililompa, na nimeliandika kwa sababu najua si yeye peke yake. Nyumba za wazazi wetu zinabomolewa kila siku, na vitu vya darini vinashuka.

1. Kwanza tujue ni kitu gani

Watu wakisema "gobore" wanachanganya vitu vinne tofauti. Tuvitenganishe.

Gobore lenyewe ni bunduki ya kushindilia. Baruti inamiminwa kwa mdomo wa mtutu, inafuata risasi au marisau, kisha vyote vinashindiliwa kwa ufito. Mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji. Ya zamani zaidi ni ya gumegume, yaani jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche. Iliyofuata inatumia fataki, kikofia kidogo kinachopigwa na nyundo ya pembeni. Nyingi zilitengenezwa Birmingham huko Uingereza na Liège huko Ubelgiji, zikaletwa Zanzibar, zikapanda bara na misafara ya pembe za ndovu. Ukiona neno TOWER na alama ya taji kwenye bati la pembeni, ni mtindo wa jeshi la Uingereza au nakala yake ya biashara. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu yake kwa bunduki za aina hii.

Mbona huku vijijini yalibaki magobore, wakati Wazungu walikuwa na bunduki bora? Hapa kuna jambo la historia. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels. Ulihusu kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake walizuia pia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachiwa mlango ni zile za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo babu zetu hawakulipenda gobore kwa kutojua kilicho bora. Ndilo waliloachiwa.

Kitu cha pili ni bunduki ya vita. Ya Mjerumani ni Mauser ya mwaka 1871, yenye maandishi "I.G.Mod.71" ubavuni. Askari wengi wa Kijerumani walianza nayo Vita ya Kwanza mwaka 1914, ikitoa moshi mweupe unaoonekana mbali. Mwanza ilipotekwa na Waingereza Julai 1916, vita hiyo ilikuwa imeshapita mlangoni petu. Ya Mwingereza ni ile ya .303, yenye taji na mwaka karibu na kitako upande wa kulia. Hiyo ilikaa muda mrefu mikononi mwa polisi, wanajeshi na askari wa wanyamapori.

Cha tatu ni bunduki ndogo ya .22. Hii ndiyo inayodanganya watu, maana inaonekana kama ya kuchezea. Walowezi na wenye mashamba walikuwa nayo kwa ndege, sungura na vichakani. Baadhi zina maandishi ya Brno, mji wa Czechoslovakia ya zamani.

Cha nne ni gobore la bomba, yaani lile linalochomelewa senta kwa bomba la maji au la gari na mbao. Hilo si la zamani wala si urithi. Ni hatari tupu, na nitaeleza kwa nini.

Neno "kaliba" msilogope. Ni upana wa tundu la mtutu tu. Ile .22 maana yake ni sehemu 22 za mia za inchi, kama milimita 5.6. Ile .303 ni milimita 7.7. Mauser ya 1871 ni milimita 11. Magobore mengi ya zamani yanafika milimita 18 au 19. Udogo wa tundu usikufanye uone ni mchezo. Risasi ya .22 ikikosa ngedere inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Piga hesabu kati ya shamba lako na shule ya msingi kuna umbali gani.

2. Kwa nini plau inafufuka na bunduki haifufuki

Hapa ndipo mzee alitaka nijibu, nami nikamjibu kwa plau.

Plau ya zamani ikiwa na kutu, unapiga brashi ya waya, unapaka mafuta ya taa unaacha usiku kucha, unafungua nati, unanyoosha ulimi kwa moto, unabadilisha bolti. Ukikosea, plau inaruka kwenye mfereji, ng'ombe wanasimama, unacheka, unarekebisha. Kosa la plau unaliona na linakusubiri.

Kosa la bunduki liko ndani ya mtutu, karibu kabisa na uso wako. Sababu ni hizi:

Kwanza, kutu ya ndani. Baruti nyeusi ikiungua inaacha majivu yanayovuta unyevu wa hewa. Bunduki ikipigwa na isisafishwe, majivu yale yanakula chuma taratibu miaka na miaka. Nje unaweza kung'arisha hadi ujione uso, kumbe ndani ukuta umechimbika mashimo na pengine umebaki mwembamba kama kopo la maziwa. Kwa macho huoni. Brashi ya waya haiongezi chuma kilichokwisha kuliwa.

Pili, mtutu wenyewe. Mitutu mingi ya biashara ya karne ile ilitengenezwa kwa kukunja bati la chuma na kuliunga kwa moto. Mahali pa kuungia ndipo panapoachia baada ya miaka mia na zaidi.

Tatu, mzigo uliosahaulika. Wazee wengi waliliacha gobore limeshindiliwa ili usiku likihitajika liwe tayari. Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi. Inaweza kukaa miaka hamsini au zaidi na bado ikalipuka kwa cheche. Kwa hiyo fundi anayelichomelea au kulipasha moto bila kujua kilichomo amejiwekea bomu mapajani.

Nne, baruti na risasi zisizo zake. Silaha iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi haivumilii msukumo wa baruti ya kisasa. Na bunduki ya zamani ya kaliba ndogo ina risasi yake maalumu. Kuna watu wanalazimisha inayofanana. Kufanana si kuwa sawa.

Tano, fundi wa senta. Namheshimu sana fundi wangu wa kuchomelea, ndiye anatufufulia plau na mikokoteni. Lakini bomba la maji limetengenezwa kubeba maji. Halikutengenezwa kubeba mlipuko. Nikiwa bado mwanafunzi wa kilimo, mbali na hapa, nilimjua mtu mwenye vidole viwili mkono wa kushoto. Alikuwa anashika shuka la bega kwa vidole hivyo, na watoto walikuwa wanamwogopa. Gobore la bomba, usiku mmoja, nguruwe pori. Nguruwe alikimbia mzima.

Mzee aliposikia hilo la mzigo uliosahaulika, alisogea nyuma hatua mbili. Gobore lilikuwa limelala kwenye kitanda cha kamba, mdomo umeelekea jikoni alipokaa mjukuu anachambua mchicha.

3. Ukikuta bunduki ya zamani nyumbani, fanya hivi

1. Acha mkono. Usivute nyundo, usiguse kifyatulio, usichungulie ndani ya mtutu, usipulize kwa mdomo kuona kama tundu liko wazi. Chukulia kwamba imejaa.

2. Ondoa watoto na moto. Sigara, kibatari, jiko la mkaa, vyote mbali. Pembe au kopo lenye unga mweusi usilimwage, usilitikise, usijaribu kuliwasha "kuona kama bado".

3. Acha pale ilipo, funga chumba. Kama umeshaishusha usiirudishe darini. Elekeza watu mbali na upande wa mdomo.

4. Usiibebe kwenye bodaboda kuipeleka kituoni. Nia yako ni njema, lakini ukisimamishwa njiani unaonekana mtu anayetembea na silaha. Isitoshe barabara zetu mnazijua, mtikisiko wa pale darajani unatosha.

5. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Anza na mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, naye awasiliane na polisi kata au kituo kilicho karibu ili waje waichukue. Nenda na shahidi. Eleza imekutwa wapi, lini, na ilikuwa ya nani.

6. Omba maandishi. Upewe hati au uandikiwe kumbukumbu kwamba silaha fulani imekabidhiwa na fulani tarehe fulani. Karatasi hiyo itunze pamoja na ya kiwanja.

Usimwambie kila mtu kwenye kilabu kabla hujatoa taarifa. Habari ya bunduki inatembea kuliko mvua, na wanaoitafuta kwa kazi mbaya wapo.

4. Sheria inasemaje

Mimi si wakili, ni afisa ugani. Ila haya ni ya wazi na kila mkulima ayajue.

Silaha hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mbele ya sheria, gobore ni silaha. Halina msamaha kwa sababu ni la zamani, la babu, au halipigi vizuri. Kumiliki bila leseni ni kosa, na kifungo chake kinahesabiwa kwa miaka, si kwa miezi. Kutengeneza au kukarabati silaha bila kibali ni kosa lingine, kwa hiyo fundi naye anaingia.

Leseni ni ya mtu. Hairithiwi kama ng'ombe. Hata kama babu alikuwa na kitabu chake halali cha enzi za Mwingereza, alipofariki kile kitabu hakikuja kwako. Anayetaka kumiliki silaha anaanza maombi yake mwenyewe: anapita serikali ya kijiji na polisi wilaya, anachunguzwa, anaonyesha cheti cha umahiri wa kutumia silaha na mahali salama pa kuitunzia. Na kupewa leseni si lazima.

Kwa sisi tunaopakana na Pori la Akiba Maswa, Hifadhi ya Serengeti na jumuiya ya Makao kule Meatu, kuna jambo la nyongeza. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali na kuingia na silaha hifadhini bila ruhusa. Kijana akikamatwa kule na gobore lako, hutasema "ni la kulindia mahindi" ukaeleweka kirahisi.

Habari njema ni kwamba serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambapo mtu anasalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kwa mfano Septemba na Oktoba mwaka 2023. Kikitangazwa kingine, sikiliza redio, kitumie. Lakini usikae na silaha darini ukisubiri tangazo. Aliyekuta leo na akatoa taarifa leo, mbele ya mwenyekiti wake, amejiweka mahali pazuri kuliko aliyekutwa nayo.

5. "Kwa hiyo urithi wa babu unakwenda hivyo hivyo?"

Hili ndilo swali lililomuuma mzee kuliko tembo. Akaniambia: "Plau mmetufundisha tusiuze. Gobore mnasema tulitoe. Ndugu zangu watasema nimemtoa babu nje ya nyumba." Sikuwa na jibu la haraka.

Nikamweleza jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya. Ulaya na Marekani kuna watu wanakusanya bunduki za zamani na kuzitunza kama sisi tunavyoweza kutunza ngoma ya mtemi. Wanaojua kazi hiyo kwa dhati wana kanuni moja: vitu vingi vya zamani havitunzwi ili vipige. Vinatunzwa ili visiharibike zaidi. Hawapigi msasa, kwa sababu msasa unafuta alama ya kiwanda, mwaka, na mikwaruzo ya aliyekuwa nacho. Kitu kikishang'arishwa hadi kikawa kipya, kimepoteza kilichokifanya kithaminiwe. Wanapangusa vumbi kwa kitambaa laini, chuma wanapaka mafuta mepesi mithili ya yale ya cherehani kuzuia kutu mpya, mbao wanapaka nta, kisha wanaweka pakavu. Basi. Na hao wanafanya hivyo kwa kufuata sheria za nchi zao, tena baada ya mtaalamu kuhakikisha ndani hamna kitu.

Hapa kwetu mahali pa silaha ya kihistoria ni makumbusho. Makumbusho ya Taifa yapo, na sisi Wasukuma tuna makumbusho yetu Bujora, Kisesa, njia ya kwenda Mwanza, yenye ngoma na vifaa vya watemi. Ukikabidhi silaha yenye historia, waambie polisi kwa maandishi kwamba unaomba ifikiriwe kwa makumbusho. Uamuzi ni wao. Lakini usipoomba, hakuna atakayejua kwamba lile lilikuwa na hadithi, litahesabiwa kipande cha chuma kama vingine.

Na hadithi yenyewe haihitaji leseni. Hiyo unaweza kubaki nayo yote. Chukua daftari, kaa na wazee, andika: babu alilipata wapi, kwa nani, kwa ng'ombe wangapi? Alikuwa anawinda na nani? Alilitumia lini mara ya mwisho, na kwa nini aliliacha? Mtoto wa sekondari aandike, wazee waseme. Nimeona familia nyingi zinagombana juu ya kitu, huku hakuna hata mmoja anayejua mwenye kitu aliitwa nani jina lake kamili.

Vitu vingine vya babu visivyo silaha vitunze kwa mikono yako: plau, jembe la mkono la kufuliwa, kinu, kiti, kengele za ng'ombe. Njia ni ile ile niliyoeleza. Chuma paka mafuta ya cherehani baada ya kupangusa kutu inayodondoka, mbao paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, usiweke chini kwenye udongo, inua juu ya mawe au mbao. Plau tu ndiyo nakuruhusu upige brashi ya waya, maana plau inarudi kazini.

6. Na mahindi je?

Tusidanganyane. Mtu hatafuti gobore kwa kupenda historia. Anatafuta kwa sababu shamba linaliwa. Kwa hiyo nikisema "usitumie gobore" halafu nikaondoka, nitakuwa nimefanya nusu ya kazi.

Tembo. Gobore mara nyingi halimuui tembo papo hapo, linamjeruhi. Tembo aliyejeruhiwa harudi porini kupumzika. Anazunguka vijijini na hasira, na wa kwanza kukutana naye ni mama anayekwenda kuteka maji. Na ukimwua, ni nyara ya serikali. Yanayosaidia ni haya:

- Ulinzi wa pamoja. Mashamba yaliyo mstari mmoja yalindwe na zamu moja, si kila mtu na kibanda chake. Tochi kali, vuvuzela, mabati ya kugonga. Tembo asikaribiwe kwa miguu, na asizingirwe. Aachiwe njia ya kurudi alikotoka.
- Pilipili. Kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili kali iliyosagwa, kikaushwe kama tofali, kichomwe usiku upande upepo unakotoka. Moshi wake tembo haupendi kabisa. Hata wewe usikae mbele yake.
- Mizinga ya nyuki. Wakenya walijaribu, ikaenea hadi huku kwetu: mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, kama kila mita kumi, na kuunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Inataka kazi na maji karibu, lakini na asali unavuna.
- Aina ya zao. Karibu na mpaka wa pori usipande mahindi na matikiti peke yake. Ufuta na pilipili tembo hawavutiwi navyo kama mahindi.
- Taarifa. Mpigie mtendaji na askari wanyamapori wakati tembo bado wako mbali. Mazao yakiliwa, usifyeke mabaki kabla ya tathmini, piga picha, andikisha mapema. Kifuta jasho kipo kwa kanuni. Najua kinachelewa na hakijazi ghala, lakini asiyeandikisha hapati hata hicho.

Ngedere na tumbili. Hawa ni watu wa mchana. Kinachowashinda ni mtu kuwepo shambani na kuondoa vichaka vya kujifichia pembezoni. Panda mahindi katikati, ukingoni weka zao wasilolipenda.

Nguruwe pori na nungu. Uzio wa miiba mikavu ulioshindiliwa vizuri chini, na mitaro. Mnakumbuka wazee wetu walikuwa na chama cha Banunguli, waliokuwa wanachimba nungu mashimoni na kisha kucheza ngoma. Walilinda mashamba kwa umoja wao na majembe.

Kwelea kwelea kwenye mtama na uwele. Hapa hata ukiwa na bunduki kumi ni kujichosha. Kundi la kwelea linamalizwa kwa kunyunyiziwa mahali wanapolala, na kazi hiyo inafanywa na serikali kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kazi yako ni kutuambia mapema wanalala kwenye mti gani au matete gani. Ukiniambia wameshakula, nitakupa pole tu.

7. Ilivyoisha

Mwenyekiti alikuja na mtendaji, polisi wakafika alasiri. Yule askari mkubwa kiumri alililaza gobore chini, mdomo ukielekea kichuguu, akatutaka wote tusogee. Baadaye alituambia lilikuwa limeshindiliwa. Baruti na marisau vilikuwamo, vimekaa humo tangu mama wa mzee akiwa binti. Fundi wa senta, aliyekuwa amesimama pale na kofia yake ya kuchomelea mkononi, hakusema neno hadi tunaondoka.

Mzee alipewa karatasi yake. Aliandika pia barua ya kuomba lifikiriwe makumbusho, mjukuu ndiye aliyeshika kalamu. Bado hawajajibiwa. Ngozi ya ng'ombe iliyolifunga alibaki nayo. Ameitundika sebuleni kwenye nyumba mpya ya bati. Na lile daftari sasa lina kurasa kumi na moja. Babu yake alilipata kwa ng'ombe wanne. Hilo yeye mwenyewe hakulijua, alilipata kwa shangazi yake mzee wa Maswa aliyempigia simu usiku ule.

Ndugu mmoja bado anamnunia. Mzee aliniambia, "Ataninunia nikiwa na vidole kumi."

Shamba lake tumelipangia zamu na majirani sita, na mizinga minne imeshatundikwa upande wa pori. Ni michache, tutaongeza baada ya mauzo ya pamba. Nitawaletea taarifa kama nyuki wameingia.

Kazi ya wiki hii kwako msomaji: kabla mvua hazijachanganya, panda darini kwa wazazi, angalia kilichopo. Ukikuta plau, niite tuifufue. Ukikuta bunduki, usiniite mimi kwanza. Mwite mwenyekiti.